Bustani ya uani baada ya baridi ya Minnesota: maswali yanayoulizwa kila Aprili

Kila mwaka theluji ya mwisho inapoyeyuka huku Minneapolis na St. Paul, simu yangu huanza kujaa picha. Mtufaha umemenywa gome kama muwa. Nyasi zina madoa utadhani kichwa chenye mapunye. Ua wa miti umegeuka rangi ya chai, tena upande mmoja tu. Wanaozituma ni watu waliokulia shambani, Kisii, Mbeya, Bukavu, Kigoma, watu wasiohitaji kufundishwa kushika jembe. Ila huko kwetu udongo haugandi. Huku unakuwa jiwe miezi mitatu minne, na yanayotokea chini ya jiwe hilo hakuna bibi aliyetusimulia.

Tarehe nitakazotaja ni za Minneapolis na St. Paul. Ukiwa Duluth, kaskazini mwa jimbo, ongeza wiki mbili au tatu.

Jua limetoka, theluji imekwisha. Naweza kulima?

Bado, hata kama mikono inawasha. Udongo wa huku huyeyuka kuanzia juu. Juu unaona matope, chini bado kuna barafu, kwa hiyo maji hayana pa kwenda. Na barafu hiyo si ya mchezo: sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka misingi ya nyumba ishuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, yaani kama mita moja hadi moja na nusu, ili udongo unaoganda usije ukainua jengo.

Pima hivi. Chimba kidogo, chukua udongo wa kina cha kiganja, ufinyange kama tonge la ugali. Ukibonyeza tonge kwa kidole gumba likapasuka na kumomonyoka, ingia na jembe. Likibonyea tu na kung'aa kama udongo wa mfinyanzi, rudi ndani ukanywe chai.

Mwaka wangu wa kwanza sikusubiri. Wiki ya Pasaka nililima tuta zima, nikajisifu mpaka nyumbani kwa video. Julai tuta lilikuwa na mabonge magumu kama tofali, nikimwaga maji yanateleza pembeni yanakwenda kwa jirani. Udongo ulioukanyaga ukiwa mbichi utakudai msimu mzima.

Wakati unasubiri, okota matawi, noa jembe na mkasi, angalia bomba la nje (soma chini kabla hujalifungua!).

Sukuma yangu imekufa au imelala?

Hili ndilo swali linaloniuma kujibu, kwa sababu kule Limuru au Lushoto mtu anachuma mti mmoja wa sukuma mwaka mzima na zaidi, mpaka shina linakuwa kama fimbo ya mzee. Huku usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, za Selsiasi, si habari ya kupigia mtu simu. Sukuma isiyofunikwa haivuki Januari.

Shika shina karibu na udongo. Likiwa laini, linatoa maji na harufu ya kabichi iliyooza, ng'oa na mizizi yake, tupa kwenye mboji. Mara moja moja, hasa ile aina ya majani yaliyojikunja, ukipata mwaka wenye theluji nene iliyokaa kama blanketi, utakuta shina gumu na vichomozi vya kijani ubavuni. Huo mmea uko hai. Lakini usiujengee matumaini ya mboga ya mwaka mzima, kwa sababu baridi ndiyo inayoiambia sukuma kwamba wakati wa kuzaa mbegu umefika. Mei itarefuka, itatoa maua ya manjano, na majani yatakuwa machungu. Chuma vile vichwa vya maua kabla havijafunguka, vikaange na kitunguu. Ni vitamu kuliko majani yenyewe, ukiniuliza mimi.

Kwa hiyo huku sukuma hupandwa upya kila mwaka. Sia mbegu ndani ya nyumba katikati ya Machi, kwenye vikopo dirishani au chini ya taa, na miche itoke nje mwishoni mwa Aprili. Sakitu ndogo haiiui. Iruhusu kwanza ikae nje mchana na kurudi ndani usiku kwa wiki moja, la sivyo upepo utaikausha siku ya kwanza.

Na mchicha? Na mnavu?

Mmea wenyewe umekufa, ila mbegu zilizodondoka mwaka jana ziko udongoni na ziko salama. Usiharakishe kupalilia ile sehemu. Mchicha unataka udongo wa moto, hutauona kabla ya mwisho wa Mei, na ukija utakuja kama nywele. Mnavu, au managu kwa watu wa Kenya, ni vivyo hivyo.

Tahadhari moja hapa. Huku kuna mmea jamaa ya mnavu unaotambaa na kupanda uzio, wenye maua ya zambarau na matunda mekundu. Huo una sumu. Mnavu wetu una maua meupe na haupandi kitu. Kama huna hakika na ulichokiona, usipeleke jikoni.

Kitu kimekula gome la mti wangu wa matunda. Utapona?

Kwanza tumjue mwizi. Sungura hula akiwa amesimama juu ya theluji, kwa hiyo alama zake zinaweza kuwa juu kiunoni mwako, na vijiti vidogo anavikata mshazari, safi kama kwa kisu. Panya wafupi wa nyasini hufanya kazi chini ya theluji, pale shina linapoingia ardhini, na alama za meno yao ni ndogo na zimevurugika. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo yeye hachani vizuri, anaacha kijiti kimechanika nyuzinyuzi.

Sasa zunguka mti. Swali si jeraha lina urefu gani kwenda juu, ni limezunguka kiasi gani. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Likimenywa robo ya mzunguko, mti hautajali sana. Nusu, utasumbuka lakini unaweza kuishi ukiupa maji kiangazi. Likizunguka lote, hata kama ni mkanda mwembamba wa vidole viwili, njia imekatika.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mti uliomenywa pande zote utatoa majani Mei kama kawaida, labda na maua, kwa sababu maji bado yanapanda kupitia mbao. Mtu ananitumia picha na alama ya kucheka: "Kaka, umepona!" Kumbe mizizi inakula akiba. Akiba ikiisha, kati ya Julai na mwaka unaofuata, mti unanyauka wote.

Kuna dawa moja ya kweli, ni kupandikiza daraja. Unahitaji vijiti vya mwaka jana, unene wa penseli, vya mti huohuo au wa aina yake, vilivyokatwa kabla havijachipua na kuwekwa kwenye friji ndani ya gazeti bichi. Gome likianza kuachia kwa urahisi, mwisho wa Aprili au Mei, unachonga kila kijiti ncha zote mbili kama kabari, unakichomeka chini ya gome zima chini ya jeraha na juu yake, kikiwa kimepinda kidogo kama mpini wa kikapu. Hakikisha hukukigeuza kichwa chini miguu juu. Unabana kwa vimisumari vidogo, unafunika viungo kwa nta ya kupandikizia. Weka kimoja kila sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina. Ni kazi ya mchana mzima kwa mti mmoja, kwa hiyo fanya kwa mti unaoupenda.

Usipopandikiza, mti unaweza kuchipua kutoka chini. Angalia machipukizi yametoka juu au chini ya kile kifundo cha pandikizi karibu na udongo, pale mti wako ulipounganishwa na shina la mti mwingine. Yakitoka chini yake, hutapata tena tunda lile ulilonunua. Kama ulipanda Honeycrisp, ile tufaha iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, kinachoota chini ya kifundo si Honeycrisp, ni shina-mama lisilo na jina.

Usipake lami, rangi, wala samadi kwenye jeraha. Acha likauke. Na Oktoba zungushia shina waya wenye matundu madogo, kama milimita 6, usiubane, uufukie sentimita kadhaa udongoni na upande hadi nusu mita juu ya pale theluji hufika. Waya wa kuku una matundu makubwa, huzuia sungura tu. Panya anapita akiimba.

Vichaka vya maua visikutie wasiwasi. Vingi ukivikata karibu na ardhi vinachipua vyenyewe.

Nyasi zina madoa ya duara yenye utando wa kijivu au wa waridi.

Ni ukungu wa theluji. Theluji ikikaa muda mrefu juu ya nyasi ndefu au majani ambayo hukuyafagia, ukungu hustawi chini yake. Usinunue dawa, wakati wake umeshapita. Subiri sehemu ikauke, pitisha reki nyepesi ili hewa iingie, basi. Wa kijivu huua majani tu na nyasi hurudi. Wa waridi unaweza kuua hadi shina, hapo utapanda mbegu.

Ukiona mifereji inayopindapinda kama barabara za mlimani, hao ni wale panya wafupi tena. Kung'uta nyasi kavu, rudishia udongo, utasahau kabla ya Juni.

Pembeni mwa njia nyasi zimekufa mstari mzima.

Chumvi. Ile tunayomwaga ili bibi asiteleze akitoka kwenye gari, na ile inayorushwa na magari ya kusukuma theluji. Chumvi hukausha mizizi na huharibu udongo wa mfinyanzi mpaka unashikana kama saruji. Dawa ya kwanza ni maji: udongo ukishayeyuka kabisa, mwagilia polepole kwa saa nyingi, rudia baada ya siku chache, chumvi ishuke chini ya mizizi. Jasi inasaidia pale ambapo udongo umeshikana, lakini jasi bila maji ni kupaka poda. Kisha kwangua nyasi zilizokufa, weka udongo mpya na mboji kidogo, panda mbegu.

Mwaka ujao tumia chumvi kidogo. Wakala wa jimbo wa kudhibiti uchafuzi husema kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na haitoki tena. Isitoshe, baridi ikishuka chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit chumvi ya kawaida haiyeyushi kitu. Siku hizo mwaga mchanga.

Ua wa arborvitae (ile miti ya uzio yenye kijani mwaka mzima) umekauka upande mmoja. Nikate?

Angalia upande uliokauka. Mara nyingi ni wa kusini au magharibi, au unaotazama barabara. Februari na Machi jua na upepo hunyonya maji kwenye majani, na mizizi imefungwa ndani ya barafu haiwezi kuyarudisha. Mti unakufa kiu ukiwa umezungukwa na maji.

Usikate Aprili. Kitawi kikavu kwa rangi kinaweza kuwa na jicho hai. Pinda kimoja: kinachokunjika kina uhai, kinachokatika kwa mlio kimekwenda. Mwisho wa Mei utaona wazi, ndipo ukate hadi penye kijani na uishie hapo. Arborvitae haichipui kwenye mti mtupu usio na majani, kwa hiyo ukichimba ndani sana utabaki na tundu la milele. Nina moja kama hilo mbele ya nyumba, watoto wanalitumia kama goli.

Kinga yake ni maji ya msimu wa majani kupukutika. Endelea kumwagilia kila wiki hadi ardhi igande, kwa kawaida Novemba.

Tawi limevunjika kwa uzito wa theluji.

Kata kwenye ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina. Usiache kisiki, wala usikwangue hadi shinani. Tawi zito likate kwa hatua: chanjo kidogo upande wa chini kwanza, kisha juu, mbele kidogo ya ile chanjo, ndipo umalizie kisiki. La sivyo litaanguka likichuna gome mpaka chini.

Mwaloni una sharti lake. Huku kuna ugonjwa wa mnyauko wa mialoni unaosambazwa na wadudu wanaofuata harufu ya jeraha bichi, na Aprili hadi Julai ndiyo miezi ya hatari. Usiupogoe miezi hiyo. Ukivunjika wenyewe, paka jeraha rangi papo hapo. Ni mti pekee ninaokuambia upake kitu.

Tawi likilalia waya wa umeme, piga simu kampuni ya umeme. Usipande ngazi kwa ajili ya kuokoa dola.

Mti umenyamaza kabisa. Nitajuaje umekufa?

Kwangua gome la kijiti kwa ukucha. Chini pakiwa kijani na pabichi, uko hai. Pakiwa kahawia na pakavu, sogea chini ukakwangue tena. Miti mingine huchelewa tu, kwa hiyo usimwite mwenye msumeno kabla ya katikati ya Juni.

Isipokuwa ash, ule mti mkubwa wa kivuli. Mdudu wa kijani anayetoboa miti hiyo aligunduliwa St. Paul mwaka 2009 na tangu hapo ameangusha mingi. Ukiona gome limebanduliwa likaacha mabaka ya rangi ya biskuti juu mtini, ni vigogota waliokuwa wakila mabuu kipindi cha baridi. Hilo si tatizo la baridi, na halingojei Juni: mti huo ukikauka hukatika ovyo. Mwite mtaalamu wa miti.

Vitunguu saumu nilivyopanda Oktoba vimetoka juu ya udongo vyenyewe.

Udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara hutema vilivyomo, kama mtoto anavyotema dawa. Vitunguu saumu, stroberi za mwaka wa kwanza, hata nguzo za uzio. Usivibonyeze kwa nguvu utavunja mizizi. Chimba kando kidogo, rudisha, shindilia kwa kiganja, funika na nyasi kavu. Vitaendelea na Julai utavuna.

Nguzo ya uzio iliyoinuka, ngoja ardhi itulie ndipo uchimbe upya. Kabla ya kuchimba piga 811. Ni bure, watakuja kuweka alama mahali gesi na nyaya zinapopita.

Nimefungua bomba la nje, maji yanatoka kidogo. Kuna shida?

Funga sasa hivi, shuka chini ya nyumba uangalie. Bomba la nje la huku mara nyingi lina vali iliyo ndani ya ukuta ili isigande. Ukiacha mpira wa maji umeunganishwa kipindi cha baridi, maji hubaki ndani, yanaganda, na paipu inapasuka ndani ya ukuta usikoona. Hutajua mpaka siku ya kwanza ya kumwagilia. Mimi nilimwagilia nusu saa nje na chumba cha chini wakati huohuo. Zulia lilinuka mpaka Agosti.

Fungua ukiwa na mtu chini anayesikiliza. Kisha ziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba: ukiweza kuyazuia maji kirahisi, msukumo unapotelea kwingine. Ita fundi bomba.

Nipande mbegu za nyasi sasa au ningoje?

Wakati mzuri ni katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba. Mabaka ya chumvi unaweza kuyapanda sasa, ila usimwage dawa ya kuzuia magugu hapohapo, nayo huzuia mbegu zako. Nimewaona watu wakinunua vyote viwili duka moja siku moja.

Ni nyumba ya kupanga. Nani analipa?

Soma mkataba, hasa sehemu ya uwanja. Piga picha zenye tarehe theluji inapoondoka, mtumie mwenye nyumba kwa maandishi. Mabomba na miti mikubwa mara nyingi ni juu yake. Tuta ulilochimba bila kumwambia ni juu yako.

Nyanya na pilipili zitoke nje lini?

Katikati ya Mei, na uwe na shuka la zamani tayari mlangoni. Kila mwaka kuna mtu anayeona nyuzi 25 za Selsiasi mwishoni mwa Aprili akasema safari hii mambo yamebadilika. Kila mwaka anarudi dukani kununua miche tena.

Jirani Mmarekani ananiambia niache mabua makavu mpaka joto lije. Ni uvivu wake?

Nilidhani hivyohivyo. Kwetu uwanja usiofagiwa alfajiri ni aibu ya mji mzima. Lakini kuna nyuki wadogo, si wa asali, wanaolala ndani ya mabua matupu kipindi chote cha baridi, na wengine chini ya majani. Ndio watakaochavusha maboga yako. Suluhu yangu: mbele ya nyumba nafagia, wageni wasinicheke, na nyuma naacha mpaka katikati ya Mei. Hapo nakata mabua nikiacha vipande vya urefu wa mkono vimesimama, maana nyuki wa mwaka huu watavitafuta navyo. Mama mkwe alipokuja kututembelea Aprili aliniomba reki mara tatu. Nikamwambia imepotea.